Serikali ikiahirisha sheria baada ya maandamano, sheria hiyo imekufa au bado ipo?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Mafinga, wateja wangu wengi ni watu wa mbao na wachuma chai. Tozo ilipoanza mwaka 2021 niliona watu wakirudi kubeba pesa mfukoni, kamisheni yangu ikashuka. Baadaye tukaambiwa Rais ameagiza malalamiko yashughulikiwe. Ikapunguzwa, mwaka uliofuata ikaingia mpaka benki, ikapunguzwa tena. Mwaka 2024 nikawa nafuatilia mambo ya Kenya kila siku kwenye simu. Vijana waliandamana, Rais wao akasema hasaini, tukashangilia hata sisi tusiohusika. Sasa binamu yangu aliyeko Nairobi ananiambia kodi nyingi zilirudi kimyakimya. Naomba unieleweshe. Serikali ikisema imesitisha au imeahirisha sheria, sheria hiyo imekufa au ipo? Nani anaweza kuirudisha? Hapa kwetu Rais akikataa kusaini muswada, ndiyo basi? Wenzangu wanasema tozo ikipandishwa tena tuandamane hadi kwa mkuu wa wilaya. Mimi naogopa, lakini kukaa kimya pia sitaki."

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza jambo ambalo wanafunzi wangu wa sheria hapa Iringa hupenda kulipita haraka. Kati ya siku serikali inaporudi nyuma na siku jambo linapokwisha kweli kuna kipindi kirefu ambacho kamera zimeshaondoka. Wewe uliona watu wakishinda barabarani, kisha ukasikia wameshindwa mezani, na unataka kujua ushindi ule ulipotelea wapi.

Jibu lenyewe ni hili: kilichoahirishwa bado kipo. Muswada hufa kwa njia chache zinazojulikana. Bunge linaupigia kura ya hapana, au aliyeuleta anauondoa rasmi kwa kufuata kanuni za Bunge, au masharti ya Katiba yanaufungia njia. Sheria ambayo imeshapita hufa pale sheria nyingine inapoifuta au mahakama inapotamka kuwa ni batili. Tangazo la kiongozi kwenye televisheni, hata liwe zito namna gani, halimo kwenye orodha hiyo. Serikali inaposema imesitisha, fikiria roli la mbao lililosimamishwa katikati ya mlima Kitonga: mzigo bado uko juu na dereva bado ana ufunguo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza, kabla ya kushangilia au kukata tamaa, ni karatasi ile ilikuwa imefika wapi iliposimamishwa. Ikiwa bado ni muswada ambao haujasomwa, serikali inaweza kuurudisha kabatini na kuutoa tena wakati wowote, pengine kwa jina jingine. Ikiwa umeshapitishwa na Bunge ukawa unasubiri saini, sasa Katiba ndiyo inayosema kinachofuata, na kila nchi ina yake. Ikiwa umeshasainiwa, umekuwa sheria, hata kama hautumiki. Ufaransa walifika huko mwaka 2006. Vijana na vyama vya wafanyakazi walijaa barabarani kupinga mkataba mpya wa ajira kwa vijana. Tarehe 31 Machi Rais Jacques Chirac akaitia saini sheria yenye mkataba huo na papo hapo akaomba isitumike. Watu hawakutulia, kwa sababu sheria iliyosainiwa ni sheria. Tarehe 10 Aprili serikali ikatangaza kuwa kifungu cha mkataba ule kinabadilishwa na kingine.

Turudi Kenya, maana ndiko ulikotazama, na yaliyotokea kule yanafundisha kuliko watu wanavyodhani.

Muswada wa Fedha wa 2024 ulilenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346 za Kenya. Ndani yake kulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya magari ya asilimia 2.5, ushuru kwenye mafuta ya kula, na, jambo litakalokugusa wewe, ushuru wa huduma za kutuma pesa ulitakiwa kupanda kutoka asilimia 15 hadi 20. Tarehe 18 Juni, siku maandamano makubwa ya Nairobi yalipoanza, kamati ya fedha ya Bunge ilitangaza kuondoa baadhi ya mambo hayo, ikiwemo kodi ya mkate, kodi ya magari na nyongeza ya gharama za kutuma pesa kwa simu. Kumbuka tarehe hiyo, nitairudia. Hata hivyo muswada uliobaki uliendelea, na tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyohiyo waandamanaji waliingia hadi ndani ya majengo ya Bunge, na polisi wakapiga risasi za moto. Kesho yake Rais William Ruto alisema hatausaini. Kufikia mwanzoni mwa Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu vifo 39. Nakuandikia idadi hiyo kwa makusudi, kwa sababu tunapozungumza juu ya "ushindi wa vijana wa Kenya" tuzungumze tukijua umegharimu nini.

Kisheria, kutosaini peke yake hakukuua muswada. Ibara ya 115 ya Katiba ya Kenya inampa Rais siku 14 ama akubali, ama aurudishe bungeni akieleza anachokipinga. Akiurudisha, Bunge linaweza kuurekebisha kufuatana na maoni yake, au likaupitisha kama ulivyokuwa kwa theluthi mbili, na hapo Rais anatakiwa kusaini ndani ya siku saba, la sivyo unahesabiwa umesainiwa. Ruto aliurudisha akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Bunge halikukusanya theluthi mbili kumpinga, na muswada ukaishia hapo. Ule ulikufa kweli.

Lakini pengo la fedha halikufa nao. Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote katika barua hii. Sheria yenye utata huwa inaletwa kwa sababu serikali inahitaji kitu fulani: fedha, udhibiti, au nguvu dhidi ya mahakama. Maandamano yanaweza kuiondoa karatasi ile, ila hitaji linabaki palepale, na wabunge waliopiga kura ya ndiyo wanabaki palepale. Hitaji na wingi wa kura vikiwa vyote vipo, tarajia kitu kurudi.

Na Kenya kilirudi. Julai 2024, yaani mwezi uliofuata, tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 za Kenya kwa lita ya mafuta, na hilo halikuhitaji muswada wowote, lilihitaji kalamu ya waziri. Desemba 11, 2024 Rais akasaini sheria ya marekebisho ya kodi iliyoanza kutumika Desemba 27. Humo ushuru wa maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazoingia nchini ulipanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2, na baadhi ya kodi zilizokuwa kwenye muswada wa Juni, kama ile ya kampuni za nje zinazofanya biashara kwa mtandao, zikaingia. Isitoshe, muswada wa 2024 ulipokufa, Sheria ya Fedha ya 2023 iliendelea kutumika. Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliitamka batili nzima tarehe 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo tarehe 29 Oktoba. Mtu aliyezima simu yake Juni 26 akidhani mambo yamekwisha aliyakosa yote hayo.

Hata hivyo binamu yako asikukatishe tamaa, kwa sababu anachosema ni kweli nusu. Kodi ya mkate haikurudi kwenye sheria ile ya Desemba, wala ile kodi ya magari. Vitu vilivyowagusa watu moja kwa moja, ambavyo kila mtu aliweza kuvieleza kwa sentensi moja, ndivyo vilivyoondolewa mapema, Juni 18, kabla hata ya muswada kupigiwa kura. Vilivyorudi vilikuwa vya kitaalamu zaidi, vilivyohitaji mtu kukaa na kusoma. Ukiniuliza mimi, siku ya Juni 18 ina mafunzo zaidi kwa mtu wa Mafinga kuliko ile ya 25, maana ilionyesha kuwa kamati ya Bunge husikia inapoambiwa kitu kimoja mahususi na watu wengi kwa pamoja.

Umeuliza nani anaweza kuirudisha. Nchi nyingine tatu zitakuonyesha, na nitazipitia kwa ufupi.

Hong Kong, Juni 2019. Kiongozi wa serikali, Carrie Lam, alisitisha muswada wa kuwapeleka watuhumiwa China bara. Hiyo ilikuwa Juni 15. Kesho yake watu wengi zaidi wakatoka barabarani kuliko mwanzo, na wengi wa mbali walishangaa: si umeshasitishwa? Waliokuwa pale walijua kuwa muswada uliositishwa unaweza kurejeshwa bungeni. Julai 9 Lam alisema hadharani kuwa muswada umekufa, lakini hakuuondoa. Tangazo la kuuondoa lilikuja Septemba 4, na uondoaji rasmi Oktoba 23. Kufikia hapo madai ya watu yalikuwa yamekwenda mbali sana, na suala la muswada peke yake halikutosha tena. Serikali inayokubali nusunusu hulipa gharama mara mbili, na wananchi wake hulipa pamoja nayo.

Georgia, kule mashariki ya Bahari Nyeusi, chama tawala kilileta muswada wa kuyataka mashirika yanayopata fedha kutoka nje yajisajili kama mawakala wa ushawishi wa kigeni. Machi 7, 2023 ulipita usomaji wa kwanza, watu wakajaa mitaani usiku, na Machi 9 chama kikatangaza kuuondoa. Kwa kuwa usomaji wa kwanza ulikuwa umeshapita, ilibidi Bunge lenyewe liukatae kwa kura. Machi 10 walipiga: 35 wakaukataa, mmoja akaukubali. Huo ni mwisho rasmi kabisa, ambao Hong Kong hawakuupata kwa miezi minne. Lakini wingi wa kura ulibaki mikononi mwa chama kilekile. Aprili 2024 ukarudi, safari hii ukiwa umebadilishwa jina kidogo, Mei 14 ukapitishwa, Rais Salome Zourabichvili akaukataa Mei 18, na Mei 28 Bunge likalishinda katazo lake kwa kura 84. Miezi 14 tu baada ya kuzikwa, ulikuwa sheria.

Israeli nako, serikali ya Benjamin Netanyahu ilitaka kupunguza nguvu za mahakama. Baada ya wiki nyingi za maandamano na mgomo mkubwa wa wafanyakazi, Machi 27, 2023 akatangaza kuahirisha hadi kikao kijacho cha Bunge. Julai 24 sehemu moja ikapitishwa kwa kura 64 bila ya kupingwa, wapinzani wakiwa wametoka nje. Mahakama ya Juu ikaifuta Januari 1, 2024 kwa majaji 8 dhidi ya 7. Na sehemu nyingine, ya namna majaji wanavyoteuliwa, ikapita Machi 27, 2025, miaka miwili kamili tangu siku ile ya kuahirisha.

Sasa nyumbani. Swali lako kuhusu Rais wetu kukataa kusaini linajibiwa na Ibara ya 97 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Rais anaweza kukataa na kuurudisha muswada bungeni pamoja na sababu zake. Ukirudishwa, hauwezi kupelekwa tena kwake kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa kama Bunge limeuunga mkono kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Ukifika kwake mara ya pili kwa theluthi mbili hizo ndani ya miezi hiyo sita, ana siku 21 za kuukubali, la sivyo inambidi alivunje Bunge. Kwa hiyo hapana, siyo "ndiyo basi." Miezi sita ikipita, njia iko wazi tena.

Lakini usitegemee sana kuona ibara hiyo ikifanya kazi. Miswada karibu yote ya maana huletwa na serikali yenyewe, na serikali hiyo inaongozwa na Rais huyohuyo. Mabishano ya kweli hutokea mapema, kwenye wizara na kwenye kamati za Bunge. Kwa mambo ya kodi kuna Ibara ya 99 pia: Bunge haliwezi kushughulikia pendekezo la kuanzisha au kuongeza kodi isipokuwa Rais amelipendekeza kupitia waziri. Kwa maana hiyo mwenye uwezo wa kurudisha tozo kisheria ni mmoja tu, serikali. Mbunge wako hawezi kuianzisha, ila anaweza kuhoji ipunguzwe.

Tozo sasa. Hapa kuna dhana moja ningependa kuirekebisha, kwa sababu mawakala wengi nimewasikia wakiisema: kwamba tozo ya 2021 "ilifutwa kisha ikarudishwa." Haikuwa hivyo. Bunge, kupitia Sheria ya Fedha ya 2021, liliingiza kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa kifungu kinachoruhusu tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, na viwango vyenyewe vikaachwa vipangwe kwa kanuni za waziri. Makato yalianza Julai 15, 2021. Watu wakalalamika, Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza lishughulikiwe, na kuanzia Septemba 7 viwango vikashuka kwa asilimia 30. Julai 2022 tozo ikapanuliwa hadi miamala ya benki. Septemba mwaka huo waziri wa fedha akatangaza bungeni kuondoa baadhi, hasa kwenye kuhamisha pesa kati ya benki na benki na kati ya benki na simu, kuanzia Oktoba 1. Mwaka 2023 tozo ya kutuma pesa kwa simu ikaondolewa.

Angalia vizuri kilichokuwa kinabadilika pale mwanzoni. Kifungu kilichoruhusu tozo kilikaa palepale, na namba ndizo zilizokuwa zikipanda na kushuka. Kanuni haisomwi mara tatu bungeni. Inasainiwa na waziri, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, inaanza kazi. Ndiyo maana ulihisi kama mtu anakuchezea: ulikuwa unatazama Bunge, na mabadiliko yalikuwa yanatokea kwenye Tangazo la Serikali. Kuanzia leo, ukisikia tozo imepunguzwa, uliza kama kifungu kimefutwa au kiwango ndicho kimeshushwa. Kikiwa kiwango, kinaweza kupanda bila wewe kusikia mjadala wowote.

Na huku Nyanda za Juu Kusini tunajua kuahirisha kunavyoweza kuwa kurefu hata pasipo maandamano. Watu wa Makambako watakumbuka Februari 2015, uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zile za alama za vidole, ulipoanzia kwao, nchi ikijiandaa kupigia kura Katiba Inayopendekezwa Aprili 30. Aprili 2 Tume ya Uchaguzi ikatangaza kuahirisha kura hiyo kwa kuwa uandikishaji haujakamilika. Haikutajwa tarehe mpya. Kuahirisha kwenye tarehe na kuahirisha kusiko na tarehe ni mambo mawili tofauti. La kwanza linakupa muda wa kujipanga. La pili, mara nyingi, linasubiri usahau.

Je, mahakama? Inawezekana, na huhitaji kwenda Dar es Salaam. Mahakama Kuu ipo Iringa na ipo Mbeya. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Mbeya ilisikiliza, mbele ya majaji watatu, shauri la kupinga makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai, na Agosti 10 ikalitupa. Waliofungua walishindwa, lakini jambo zito la kitaifa lilisikilizwa hapa kwetu, kwa wiki chache, na hoja za pande zote zikawekwa kwenye kumbukumbu. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, baada ya kurekebishwa mwaka 2020, inataka anayefungua shauri aonyeshe kwa kiapo namna yeye mwenyewe alivyoathirika. Wakala mwenye rekodi za kamisheni yake ana cha kuonyesha kuliko mtu mwenye hasira tu.

Ila nikuambie ukweli kuhusu mahakama pia. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kufuta sheria mbovu papo hapo, kuipa serikali muda wa kuirekebisha. Katika shauri la Rebeca Gyumi kuhusu umri wa ndoa, Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja, Julai 2016. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaikataa Oktoba 2019, na miaka kadhaa baadaye vifungu vile vilikuwa bado kwenye vitabu. Hata ushindi wa mahakamani unaweza kuwa kuahirishwa kwingine.

Nakuja kwenye maandamano ya kwenda kwa mkuu wa wilaya, na hapa nakusihi unisome taratibu. Uhuru wa kukusanyika uko kwenye Ibara ya 20 ya Katiba. Kwa utaratibu, kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinamtaka anayeitisha mkusanyiko au maandamano ampe ofisa msimamizi wa polisi wa eneo hilo taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Wengi hudhani ni kuomba kibali. Kifungu kinataka taarifa, lakini kinampa ofisa huyo uwezo wa kuzuia akiona amani itavunjika, na katazo hilo hutolewa mara nyingi. Kuendelea baada ya katazo kunamweka kila aliyehudhuria kwenye hatari ya kukamatwa, na aliyeitisha zaidi. Ushauri wangu kwako, mwenye kibanda, mtaji wa mkopo na pengine watoto wanaokutegemea, ni kwamba usiitishe maandamano kupitia kundi la WhatsApp. Hofu yako ina sababu, na hakuna aibu ndani yake.

Wala kutoandamana si kukaa kimya. Mawakala wachache mliochaguliwa na wenzenu mnaweza kuomba miadi na kupeleka barua kwa mkuu wa wilaya na kwa mbunge. Lakini barua hiyo iwe na namba. Chukueni taarifa zenu za miamala za Juni 2021 na za Agosti 2021, mhesabu miamala ilipungua kwa kiasi gani kwa kila kibanda, mziweke pamoja. Ondoeni majina na namba za simu za wateja, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu nanyi pia. Karatasi mbili za namna hiyo kutoka Mafinga zina uzito mbele ya Kamati ya Bajeti kuliko mabango mia. Najua inasikika kama kazi ndogo. Ni ndogo kweli, na ndiyo inayofanywa na watu wachache mno.

Wakati wake ni muhimu vilevile. Hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni, Muswada wa Fedha hupitishwa kabla ya mwezi kwisha, na sheria huanza Julai 1. Ukisubiri hotuba umechelewa: Bunge likikataa bajeti ya serikali, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja, na ni mbunge gani atapiga kura ya kujirudisha kwenye uchaguzi? Wizara ya Fedha hualika maoni ya wadau kuhusu maboresho ya kodi miezi kadhaa kabla. Hapo ndipo barua yenu ifike. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza, kamati huita wadau Dodoma, na maoni ya maandishi hupokelewa kwa wasioweza kusafiri. Muswada ukiletwa kwa hati ya dharura siku hizo hupungua sana, kwa hiyo barua iwe imeshaandikwa.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu haya hayatoshi, na utahitaji mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Ukipigiwa simu au kuandikiwa wito na polisi kwa jambo lolote ulilosema au kuandika kuhusu tozo, usiende peke yako na usitoe maelezo kabla ya kuzungumza na wakili. Mawakili wa Chama cha Wanasheria Tanganyika wapo Iringa na Mbeya. Asiyeweza kulipa anaweza kusaidiwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu inaweza kukuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Vivyo hivyo mkitaka kufungua shauri la kikatiba, hilo si la kuandika wenyewe kwa kuiga fomu.

Na kuna jambo moja katika barua yako ambalo huenda hukulitilia maanani. Umesema kamisheni yako ilishuka. Kama ilishuka kwa sababu wateja walipungua, hiyo ni athari ya tozo na ndiyo hoja ya kupeleka kwenye kamati. Kama ilishuka kwa sababu kampuni ya simu ilibadilisha asilimia inayokulipa, hiyo haihusiani na Bunge wala waziri, ni suala la mkataba wako wa uwakala, na tiba yake iko kwingine kabisa. Utafute mkataba huo, uchapishe taarifa ya kamisheni kuanzia Juni hadi Oktoba 2021, uvipeleke vyote viwili kwa wakili kabla hujasaini barua yoyote ya pamoja na wenzako.